Walimlilia Koko Akiwa Anashona

Machi 10

Mvua imefika! Tumeisikia kwanza kwenye mabati ya upande wa msikiti, halafu ikashuka kilima chote cha Old Kampala mpaka kwenye baraza letu. Koko akavuta cherehani ndani kwa mguu, mkono bado uko kwenye kola ya mtu. Koko ndiye bibi yangu, mama wa mama yangu. Jina lake Bibiane, lakini sisi Wakongo bibi tunamwita Koko.

Umeme ukakatika mtaa mzima. Mimi nikafurahi, nikakimbilia simu. Nikaandika kwenye jukwaa: "Watu wa mashine za umeme, poleni sana. Sisi wa kukanyaga kwa mguu tunaendelea na kazi." Wee! Walicheka mpaka mtu wa Kigoma akasema amejichoma sindano.

Jukwaa lenyewe ni la mafundi cherehani. Wapo wa Arua, Kigoma, Bukavu, Eldoret. Kila asubuhi kuna mazungumzo ya salamu, wenyewe wanayaita uzi, kila mtu anasema amefungua au hajafungua, kwake kuna jua au matope. Usipoonekana wanakuulizia. Tangu tuje Kampala sijawahi kuwa mahali ambapo nisipoonekana nauliziwa.

Shida ni moja tu. Wanayemuulizia si mimi, Heritier.

Machi 11

Mvua. Zipu mbili, suruali moja.

Machi 14

Acha niandike vile ilianza, maana leo jambo limeniuma.

Niliingia kwa jina langu. Nikauliza kwa nini mashine yetu inaruka mishono. Kimya. Nikauliza tena. Mmoja akanijibu: "Kijana, kaa kwanza na wakubwa." Basi nikakaa na mkubwa. Nikamuuliza Koko, akacheka, akasema sindano umeichomeka kinyume. Nikafungua jina jipya, Bibi Bibiane wa Kampala, nikaweka picha ya mikono yake, ile yenye kidole gumba kilichopinda, nikaanza kujibu watu. Siku hiyohiyo nikaanza kupewa shikamoo. Mimi! Ndevu zenyewe zinatoka upande mmoja.

Nikawa namuuliza Koko kila kitu, yeye anajibu, mimi naandika. Mengine nayaongeza mwenyewe, nakoleza. Sikuona ubaya.

Leo nimemsikia anamwambia Nabwire, muuza nyanya wa hapo chini: "Mjukuu wangu amebadilika. Ananiuliza kazi siku zote. Mi nilidhani hii kazi itakufa na mimi." Anasema huku anatabasamu na nyanya mkononi.

Niliinama nikajifanya naokota pini.

Machi 19

Koko ameenda kwenye mkutano wa kina mama kanisani. Halimah wa Arua akaniandikia. Huyu Halimah ni Mnubi, mjane. Mume alimwachia cherehani na yeye hakujua hata kutia uzi. Yote anayoyajua amefundishwa na "mama", yaani mimi, yaani Koko. Kila asubuhi wa kwanza kunisalimu ni yeye. "Mama, umeamkaje? Kifua hakisumbui?"

Leo amesema mashine imekuwa nzito, na mafuta ya mashine kwao yameisha madukani. Afanyeje? Kumngoja Koko arudi niliona ni mbali. Na mafuta ni mafuta. Nikamwandikia: "Tia ya kupikia, mwanangu, kidogo tu, usimwage." Akajibu: "Asante mama, Mungu akuweke."

Nimetembea juu juu siku nzima. Mtu wa Arua anakanyaga mashine sasa hivi kwa sababu yangu!

Machi 20

Mvua asubuhi, jua, mvua tena.

Machi 27

Nimekwisha.

Odyek ndiye mwenye jukwaa. Alishona sare za polisi maisha yake yote, amestaafu, anakaa Naguru, hapahapa Kampala, kwa mwanawe ambaye naye ni polisi, na anaandika kama anapanga watu mstari. Leo ameandika: "Wote mtakaoweza, Jumatatu ya Pasaka muwe kwangu Naguru. Tuonane uso kwa uso. Bibi Bibiane atakaa kiti cha mbele. Gari iko, nitakuja kumchukua mwenyewe."

Watu wakashangilia. Halimah akasema atakuja na simsim, ule ufuta wa kwao. Mtu wa Eldoret akauliza Bibi anakunywa chai ya maziwa au kavu.

Anakunywa ya maziwa na sukari nyingi. Nilijua jibu na sikuweza kuliandika.

Aprili 2

Nimesema Bibi ana kikohozi. Tangawizi, ndimu, mwarobaini, asali na kitunguu: kila mtu ana dawa yake. Mtu wa Bukavu amemwombea kwa maneno marefu mpaka nikafumba macho bila kujua.

Aprili 5

Halimah anataka kusikia sauti ya mama. Simu ikaita juu ya meza ya kukatia. Nikaifunika na kitambaa, ikaendelea kuita humo ndani.

"Nani huyo?" Koko akauliza.

"Hawa watu wa matangazo."

"Wanakupenda sana hawa watu."

Aprili 8

Nitawaambia kesho.

Aprili 9

Mvua imebomoa ukingo wa mtaro. Kesho.

Aprili 11

Sijui naanzia wapi. Hii biro inavuja.

Odyek aliandika asubuhi: "Kesho nakuja kumwona mgonjwa. Nielekezeni nyumba." Kwa watu wetu mgonjwa hakataliwi wageni. Ungemkatalia vipi? Ningesema nini? Ningesema hataki watu? Ningesema amehama? Nilizunguka meza kama kuku. Nikafikiri: nimtoe tu. Atoke mara moja, yaishe, mimi nipumzike. Nikaandika:

"Mimi ni mjukuu wake. Bibi Bibiane ametutoka leo asubuhi."

Nikatuma.

Nikainua macho. Koko alikuwa mbele yangu anakata uzi kwa meno. Akasema, "Heritier, weka maji ya chai."

Aprili 12

Nilidhani wataandika pole, halafu waendelee na mambo yao. Jamani. Sikuwajua hawa watu.

Odyek amefunga nyuzi zote, ameacha mmoja tu. Kasema huko alikokuwa anashona, fundi akifa mashine yake inafunikwa kitambaa cheupe na hakuna anayeshona mpaka wamlilie. Basi watu wameanza kutuma picha. Mashine ya Kigoma imefunikwa shuka. Ya Bukavu kitambaa cha meza chenye maua, anaomba msamaha hana cheupe. Ya Halimah imefunikwa kanzu ya marehemu mumewe.

Na chini ya picha kila mmoja anasema alichofundishwa. Kola. Mfuko wa ndani. Kupima mtu mnene bila kumuaibisha. Mtu wa Eldoret akasema: "Sitasahau vile alisema vifungo ni kama wapangaji, mmoja akihama na wengine wanaanza kulegea."

Hiyo ni yangu! Koko hajawahi kusema hivyo. Niliitunga mimi, nimekaa kwenye ndoo! Nikafurahi, nikataka kupiga kelele kwamba ni yangu, halafu nikajiona. Nafurahia kusifiwa matangani kwa mtu niliyemuua mwenyewe, na yeye yuko pale anachagua maharage.

Nililia. Sijui nilimlilia nani.

Wameuliza msiba uko wapi, waje wakae na sisi. Nikasema tumeshazika, msije, nyumba yetu ni ndogo. Odyek akajibu: "Tutakaa nje, kijana."

Aprili 13

Koko ameanza kukohoa. Kikohozi cha kweli.

Aprili 14

Anakohoa. Nimemchemshia tangawizi, ndimu, asali na kitunguu. Zile dawa zao zote. Akasema, "Umejifunzia wapi haya?"

Aprili 15

Anakohoa bado. Mvua inapiga ukutani, chumba kimejaa unyevu. Kwetu kifo cha mtu hakitamkwi akiwa mzima, hata kwa utani. Mtoto akitamka anapigwa kibao mdomoni. Mimi sikutamka, niliandika, nikawatumia watu wa nchi nne. Kila akikohoa nahesabu ni mimi.

Aprili 16

Exaucée amejua. Ni dada yangu mdogo, yuko sekondari, ana mdomo kama mkasi. Yake haikuwa na chaji, akachukua yangu atafute maana ya neno la bayolojia. Nikamwona anasoma. Akaendelea kusoma. Akakaa chini.

"Heritier. Hapa kuna mtu anasema Koko apumzike kwa amani."

"Nipe simu."

"Wamefunika mashine. Nani amewaambia Koko amekufa?"

"Punguza sauti."

"Umemuua Koko?" Hapo alinong'ona, na ilikuwa vibaya kuliko angepiga kelele. "Mama hatujamlilia mpaka leo, halafu wewe unawafanya watu wamlilie Koko? Koko anayekufulia suruali?"

Mama alikufa tukikimbia kutoka Rutshuru. Mimi nilikuwa mdogo, Exaucée alikuwa mgongoni kwa Koko. Walimfukia kando ya njia, tukaendelea kutembea mpaka mpakani Bunagana. Jina lake halitajwi ndani ya nyumba hii. Leo Exaucée kamtaja kwa sababu yangu.

"Mwambie," akasema. "Usipomwambia wewe, namwambia mimi."

"Kesho."

"Kesho yako tunaijua."

Aprili 17

Kesho.

Aprili 18, Ijumaa Kuu

Koko amekataa kubaki ndani. Kaenda kanisani na mvua na kikohozi chake, mimi nyuma na mwamvuli. Padri alivyosoma habari za mateso nikaona kila jina baya ni langu.

Tuliporudi nikakuta ujumbe wa Halimah. Anapanda basi. "Kwetu hakuna anayesubiri kualikwa msibani. Mzee Odyek atanipokea. Kwenye picha zenu kuna mlango wa kijani, ngazi na ule msikiti wa Old Kampala, tutauliza tutafika. Sitaki kitu, nataka tu kugusa mashine yake."

Nilimwandikia asije. Nikafuta. Nikaandika kweli yote. Nikaisoma. Nikafuta.

Aprili 19

Leo sitafuta chochote.

Mvua ilikuwa imepumzika. Koko alikuwa kwenye cherehani anamalizia gauni la Pasaka la mteja, mimi napiga pasi ya mkaa. Exaucée ananiangalia kila nikigeuka, ananiashiria kwa kidole: sasa, sasa. Nilishafungua mdomo. Nasema ukweli, nilishafungua.

Tukasikia kilio kutoka mwisho wa baraza. Kilio cha mwanamke, kile kirefu ambacho mtu anaanza akikaribia nyumba ya msiba. Koko akatoa mguu kwenye kanyagio.

"Kuna mtu amefiwa," akasema. Akasimama, akafunga kitenge chake vizuri, akatoka kumpokea. Hakujua ni nani. Alisikia kilio tu akasimama.

Mwanamke mrefu, nguo ya kijani kutoka kichwani mpaka miguuni, kapu begani. Nyuma yake mzee mwembamba kashika kofia mkononi, na nyuma yao Nabwire na nyanya zake na nusu ya mtaa. Mwanamke alimwona Koko, akadhani ni ndugu wa marehemu, akamwangukia begani.

"Mama yangu! Mama yangu ameniacha!"

"Pole, mwanangu," Koko akasema, anampigapiga mgongo. "Pole. Lia. Toa yote." Na yeye akaanza kulia. Koko wangu akalia na mtu asiyemjua, kwa ajili ya maiti asiyemjua, machozi ya kweli. Mimi nimesimama na pasi.

Walipotulia kidogo Koko akamfuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Ni nani amekufa, mwanangu?"

"Bibi Bibiane. Fundi wangu."

"Bibiane gani?"

"Wa hapa. Wa cherehani."

Koko akageuka kumwangalia Nabwire, kama huyo ndiye anajua. Nabwire akasema "Banange", ile "jamani" ya Kiganda. Basi.

"Bibiane wa hapa ni mimi," Koko akasema.

Yule mzee, Odyek, alikuwa anaangalia mikono ya Koko. Kidole gumba kilichopinda. "Ni mikono ileile," akasema polepole. Halafu akainua macho akanitafuta, na sijui alinijuaje, ila hakukosea.

Nikasikia harufu ya kuungua.

"Heritier," Koko akasema. "Pasi."

Nilinyanyua pasi. Gauni la mteja lilikuwa na alama ya pasi kifuani, nyeusi, kama mlango.

"Nani alisema nimekufa?"

"Mimi, Koko."

"Lini?"

"Ijumaa ya wiki iliyopita."

"Nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa unaniambia niweke maji ya chai."

"Uliyaweka?"

"Niliyaweka."

Akatingisha kichwa kama mtu anayekubali kipimo. Odyek akapiga hatua. "Wewe kijana, kuja hapa. Hawa watu wamefunga kazi. Mtu wa Bukavu amefunga siku tatu! Unajua huko kwao vita vinavyowaka, na bado akafunga kazi kwa ajili ya uongo yako? Kuja hapa nikuone vizuri."

"Ngoja, mzee," Koko akasema. "Wageni wametoka mbali. Heritier, tandika mkeka."

Nikatandika. Exaucée akaleta maji. Halimah, yule wa nguo ya kijani, alikaa ukingoni, kapu kando yake. Alikuwa anamwangalia Koko, anaangalia mikono, anafumba macho, anaangalia tena.

"Sasa soma," Koko akaniambia.

"Nisome nini?"

"Vile walinililia. Mtu hapati nafasi hii. Soma yote."

Nikasoma. Kwa sauti, mbele yao, mbele ya Nabwire na mtaa. Jasho linatoka mpaka kwenye simu. Koko alisikiliza kichwa kimeinama. "Kola, ndiyo, hiyo ni yangu." "Mfuko, ndiyo." Nilipofika kwenye vifungo na wapangaji akanyanyua kichwa. "Hiyo sikusema." Nabwire akacheka, akajiziba mdomo. Nikaendelea. Kupima mtu mnene, ndiyo, hiyo ni yake, aliipata kwa masista wa Rutshuru. Nikafika kwa Halimah. Halimah alikuwa ameandika: "Hata mashine yangu ilivyokataa, mama alinisaidia. Niliikosea mwenyewe baadaye, lakini kosa si lake."

"Mashine ilikataa vipi?" Koko akamuuliza.

Halimah akaona aibu. Yeye! "Ilishikana, mama. Haizunguki tena. Labda nilizidisha mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya kupikia. Vile ulivyo... vile nilivyoambiwa."

Koko akaweka kikombe cha maji chini. Akaniangalia. Muda wote huo hakuwa amekasirika, naapa, hata kwenye kufa kwake hakukasirika. Hapo ndipo nilimwona anabadilika uso.

"Ya kupikia," akasema. "Ukaandika jina langu chini."

"Ndiyo, Koko."

"Yanaganda kama gundi, Heritier. Mashine ni ya marehemu mume wake."

"Sikujua."

"Ulijua mimi najua. Nilikuwa wapi?"

"Kanisani, kwenye mkutano wa kina mama, mwezi uliopita."

"Nilirudi?"

Alirudi mchana uleule, na maandazi.

"Kwa hiyo haishoni tangu mwezi uliopita," Koko akamwambia Halimah. "Kwa nini hukusema huko kwenu kwenye simu?"

"Ningemwambiaje mama kwamba ushauri wake umeniharibia? Niliogopa kumvunjia heshima."

Nilitamani ule mtaro uliobomoka unichukue.

Halimah akaanza kukusanya kapu lake. "Basi. Mama ni mzima, namshukuru Mungu. Mimi nirudi. Nimelia njia nzima kutoka Arua, watu wa basi wamenipa pole, machozi yote bure."

Koko akamshika mkono.

"Keti. Si bure. Nyumba hii ina mtu wake aliyekufa. Anaitwa Blandine. Binti yangu, mama wa hawa. Tulimwacha kando ya njia, hatukupata hata mkeka. Tulipofika huku nani angekuja kukaa na mimi? Hakuna aliyenijua. Wewe umekuja umeshalia. Nisaidie na yangu."

Sikuwa nimesikia jina hilo mdomoni mwake tangu utoto.

Halimah akaweka kapu chini. Odyek akavua viatu, akakaa, kofia juu ya goti. Nabwire alikwenda akarudi na sufuria. Koko akanyanyuka, akakata kipande cha kitambaa cheupe kwenye kile tunachotumia kwa mifuko, akafunika cherehani yake mwenyewe. Halafu akaanza kuhadithia: Blandine alivyopenda kucheka kanisani, Blandine na viatu vyake vyekundu. Exaucée aliweka kichwa kwenye paja la Halimah, mtu ambaye hakuwahi kumwona, akalia mpaka akalala.

Mimi nilikaa pembeni ya mkeka. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyenisogelea.

Aprili 20, Pasaka

Mteja amekuja kuchukua gauni. Koko amempa lake mwenyewe la kanisani, amelipunguza kiunoni. Kanisani akavaa la kazi.

Aprili 22

Ile sherehe ya Naguru jana haikufanyika. Leo nimeandika kweli yote kwa jina langu, lile la mwanzo, lile la kijana asiyejibiwa. Safari hii wamejibu.

Mtu wa Eldoret: "Nilimwambia mke wangu. Tulimwombea na watoto. Sasa niwaambie nini watoto?" Mtu wa Kigoma hakuandika neno, aliweka picha ya mashine yake na shuka limetolewa. Mtu wa Bukavu: "Wewe ni mtoto wa kwetu. Unajua huku tunazika watu wa kweli. Ulikosa mchezo mwingine?"

Hiyo nimeisoma mara nyingi.

Odyek amenifungia jina. Hakutukana. Aliandika: "Heritier ametolewa. Bibi Bibiane, ukitaka, kiti chako kipo." Nimebaki nikiona ukurasa wa mbele tu, kama mtu aliyesimama nje ya duka lililofungwa.

Aprili 28

Koko haniulizi kitu. Hata "unaandika nini" haisemi tena. Na mimi simuulizi kazi. Naogopa nikimuuliza atafikiri naenda kuiuza kwa watu.

Kikohozi kimeisha. Mvua haijaisha.

Mei 3

Koko ameingia jukwaani. Anayemwandikia ni Exaucée, simu ya Exaucée. Nimewasikia kibarazani.

"Waambie habari ya asubuhi. Waambie mimi ni mzima."

"Wanauliza kwako kuna jua au matope, Koko."

"Matope. Waambie ya kufika magotini." Akacheka.

Mimi nilikuwa ndani natia uzi kwenye bobini. Nilikuwa na majibu yote. Mtu wa Kigoma kauliza kuhusu mkunjo wa kwapa, najua huo, nimeufanya. Nikauma ulimi.

Mei 6

Mvua. Hapana kitu.

Mei 11

Koko ameweka mbele yangu chupa ya mafuta ya taa, brashi, bisibisi mbili na chupa ndogo ya mafuta ya mashine.

"Utaenda Arua."

"Halimah amekubali?"

"Hajakubali. Amesema mlango hautafungwa. Utafungua kila skrubu, utaosha na mafuta ya taa, utasubiri ikauke, utatia haya. Usifanye haraka. Ukikwama unafanyaje?"

Niliona anasubiri.

"Nakuuliza, Koko."

"Basi leo niulize yote. Kaa."

Nikamuuliza mpaka maharage yakaiva. Alijibu kila kitu. Hakutabasamu kama ile siku ya nyanya, lakini alijibu.

Mei 16, Arua

Huku mvua ni nyepesi, ardhi nyekundu. Halimah ameniwekea mkeka, chakula, maji ya kuoga. Ananiita "kijana". Asubuhi alitoa ile kanzu juu ya mashine, akaikunja polepole, akasimama mlangoni nikiwa nafungua skrubu ya kwanza. Hakuondoka.

Ndani kulikuwa kama nta. Mafuta yangu yamekuwa ya njano, yameshika kila jino. Nilikwangua. Nilikuwa naona maneno yangu humo ndani, yale "kidogo tu, usimwage".

Mei 17, Arua

Imezunguka leo mchana. Mwanzo kwa shida, halafu nikampigia Koko, akasema nirudie upande wa chini, nikarudia, ikaanza kuimba. Halimah akakaa. Akapitisha kipande cha khanga, mshono ukatoka umenyooka. Akakanyaga kipande kizima bila kusimama, midomo inatikisika, sijui alikuwa anaongea na nani.

Halafu akachukua simu yake, akapiga picha. Mashine, na mikono yangu pembeni inapangusa, kucha nyeusi mpaka ndani. Akaweka kwenye jukwaa. Simu ikaanza kulia papo hapo, watu wakashangilia, kama zamani. Nikageuka nikaanza kupanga bisibisi.

"Mtu wa Kigoma anauliza mikono ni ya nani," akasema.

Nilisikia anaandika, taratibu, herufi moja moja. Halafu akaninyooshea simu kabla hajatuma. Alikuwa ameandika: "Ya Heritier, mjukuu wa Bibi Bibiane. Yeye ndiye aliyeiharibu na yeye ndiye ameitengeneza."

"Soma vizuri," akasema. "Ni kweli?"

Nilisoma neno moja moja, kama alivyoliandika.

"Ni kweli," nikasema.

Akatuma.